Kocha Joyline na Fainali ya Manga

Jumatatu asubuhi Joyline Nyanchoka alikuwa akimpiga msasa kiboko wa jiwe katika banda la wachongaji pale Tabaka. Thadeus, aliyekaa jirani naye, akaweka tupa chini.

"Mama Ian, ungewaambia wapige mbele tu. Mbele! Basi."

Hakuna aliyeuliza anazungumzia nini. Siku iliyotangulia Tabaka ilikuwa imefungwa na Manga mabao mawili kwa moja, katika fainali ya kombe la wanawake wa Kisii na Nyamira. Joyline ndiye aliyekuwa kocha.

"Mpira ungerudi, Thadeus," alijibu, akaendelea na kiboko wake.

Joyline alikuwa na miaka arobaini na mmoja. Utotoni alicheza mpira na wavulana, mpaka baba yake alipomuuliza nani atamwoa akivunjika mguu. Akaacha. Miaka sita kabla ya fainali hiyo aliwakusanya wasichana tisa katika uwanja ulioinama karibu na machimbo, ambapo mpira ukitoka unateremka hadi shimoni na mtu analazimika kuufuata. Aliwafundisha jambo moja kabla ya mengine yote: wasiuogope mpira. Kipa asiubutue ovyo, ampe beki. Beki ampe kiungo. Miaka miwili ya kwanza walifungwa karibu kila mechi. Mwaka huu walifika fainali.

Fainali ilichezwa juu kule Manga, Jumapili, maana nusu ya wachezaji wa pande zote ni Wasabato. Tabaka walifunga dakika ya thelathini, baada ya pasi saba ambazo hata watu wa Manga walizipigia makofi. Kipindi cha pili mvua ikashuka. Maji yakatuama mbele ya goli la Tabaka. Mzee Onyancha, mwenyekiti wa timu, akawa anatembea kando ya mstari akipiga kelele, "Kocha, wapige mbele!" Joyline akainua mkono na kuwaambia wasichana, "Chezeni mpira wetu."

Dakika ya sabini na nane kipa Linda alimpasia beki wa kushoto. Mpira ukakwama majini. Mshambuliaji wa Manga akaufikia wa kwanza, likawa bao. Dakika tano kabla ya mwisho ikapigwa kona, Manga wakafunga kwa kichwa.

Wiki nzima watu hawakuzungumza lingine. Walibishana bandani, wakabishana machimboni. Hata wanunuzi wa vinyago waliotoka Nyakoe waliuliza bei ya sahani, kisha wakauliza kwa nini kipa hakuupiga mpira nje. Jumapili alasiri Onyancha akaitisha mkutano katika darasa la shule. Watu walijaa mpaka wengine wakasimama madirishani.

"Kuna wanaotaka tutafute kocha mjini," alisema Onyancha. "Lakini kwanza tumsikie huyu."

Joyline alimimina mezani vipande vya sataranji ambavyo havijang'arishwa, vyeupe kwa Tabaka na vya waridi kwa Manga, akavipanga.

"Manga wana mabeki wawili warefu, hawa. Kipindi cha kwanza tulipiga mipira kumi na miwili ya juu. Tuliupata mmoja. Anayesema tupige mbele anasema tuwape Manga mpira halafu tuwaombe wautunze."

Watu wakacheka. Thadeus hakucheka. Alisogea hadi mezani.

"Sawa. Na maji, je?"

Joyline aliweka kidole mezani, mbele ya goli la Tabaka.

"Hapo umenipata," alisema. "Niliyaona. Ningehamishia mchezo upande wa juu, kulikokuwa kukavu. Nilidhani dakika zimebaki chache, tutavuka. Kosa hilo ni langu, si la Linda."

Linda akasimama nyuma ya darasa. "Kocha, hata mimi niliyaona. Ningeweza kuupiga nje. Sikutaka. Tulikuwa tunaongoza kwa mpira wetu, nikataka tushinde nao."

"Ungeupiga nje kombe lingekuwa hapa!" Thadeus alipaza sauti.

"Najua. Siku nyingine kukiwa na maji nitaupiga hadi kwenye shamba la majani chai. Lakini kukiwa kukavu, nitampa beki."

Ndipo mama mmoja aliyeitwa Gesare, muuza ndizi ambaye hakuna aliyewahi kumwona uwanjani, akainua mkono. "Mimi nauliza kuhusu ile kona. Beki wa kulia alikuwa wapi? Yule wa Manga aliruka peke yake kama yuko nyumbani kwao."

Kukawa na vurugu. Mmoja alisema beki alikuwa amechoka, mwingine akasema alisukumwa, refa akafumba macho. Wanawake waliokuwa dirishani wakaingia ndani, wakavichukua vile vipande na kuvipanga upya, kila mtu kwa namna alivyoiona kona. Joyline aliketi. Alikumbuka mkutano wa kwanza katika darasa hilohilo, walipokuja watu kumi na moja, na swali likawa kwa nini wasichana wavae kaptula. Leo hakuna aliyeligusa hilo. Walikuwa wanabishana kuhusu mpira wenyewe, kwa ukali, kama wanavyobishana kuhusu timu za wanaume. Akainamisha uso ili wasimwone anavyotabasamu siku ya kulaumiwa.

Onyancha alijaribu kulirudia suala la kocha wa mjini.

"Wa mjini wa nini?" Thadeus alimkatiza. "Huyu alikosea, na nitamwambia alikosea mpaka nizeeke. Lakini ni nani alitufikisha fainali? Mwenyekiti, wewe tulipofunga ulikuwa unaimba mpaka sauti ikakatika."

Hoja haikupigiwa kura. Ilikufa palepale.

Wiki iliyofuata Thadeus alifika uwanjani pale Tabaka na wachimba mawe sita, majembe begani, wakachimba mtaro kutoka mbele ya goli, ambako huku pia maji hutuama, hadi mteremkoni. Joyline aliwapelekea chai. Walipopumzika Thadeus alifuta jasho, akaanza tena: hata bila maji, dakika zile za mwisho, angeongeza beki mmoja.

"Nimtoe nani?" Joyline alimuuliza.

Wale sita wakajibu kwa pamoja, kila mmoja akimtaja mchezaji tofauti.