Suruali za Kocha

Kocha wetu aliondoka Jumanne asubuhi, timu ikiwa inaongoza ligi. Taarifa ya klabu ilikuwa na mistari minne. Ilisema mkataba umevunjwa kwa makubaliano ya pande mbili, ikamshukuru, ikamtakia kila la heri huko aendako. Pande mbili zilikuwa zimekubaliana, na hakuna hata upande mmoja uliokumbuka kutuambia umekubaliana nini.

Aliyetusomea alikuwa muuza makava ya simu, kijana wa miaka thelathini na kitu ambaye huegemeza ubao wake kwenye nguzo ya duka la vitambaa, pale Kariakoo ninapofanyia kazi. Aliisoma mara mbili, ya pili polepole, kama vile sababu imejificha kwenye nukta.

Mimi ni fundi cherehani. Nina mwaka wa sita kwenye kibaraza cha duka hilo, upande wa kulia wa mlango. Mteja akinunua kitambaa ndani, ananikuta nje. Mwenye duka ni Mhindi aliyezaliwa mtaa huohuo, na baba yake vilevile. Juu ya meza yake kuna picha za miungu zilizovishwa mashada ya maua, kando yake kalenda ya klabu, na akiwasha ubani asubuhi, moshi wake unazifikia zote bila upendeleo. Wa tatu ni mzee mstaafu wa bandarini, mtu wa Pwani wa siku nyingi, anayefika kila siku saa tatu na kofia yake safi na kukalia kiti cha plastiki ambacho hakuna mwingine anayethubutu kukikalia. Watu hawa watatu ndio waliokuwa wakiiendesha klabu yetu. Viongozi waliochaguliwa walikuwa wakiwasaidia tu.

Mimi nami ni mwanachama, na kadi yangu ni ya zamani kuliko ya muuza makava. Lakini kwa miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuniuliza nani aanze namba sita. Nilikuwa naulizwa kama nina sindano ya ziada. Nadhani waliamini kwamba mtu akikanyaga cherehani hasikii.

Siku hiyo walianza mara moja.

"Uongozi unampangia timu," alisema mwenye duka. "Kocha gani atakubali kuletewa majina ya wachezaji kwenye kikaratasi?"

"Umekiona hicho kikaratasi, bosi?" muuza makava aliuliza.

"Sina haja ya kukiona."

Mzee alitikisa kichwa. Yeye alijua ni kazi ya watani zetu, wapinzani wetu wa jadi. "Nikiwa bandarini nimeona kontena zima linapotea, linaangaliwa na watu kumi. Itakuwa kocha?"

Muuza makava yeye alikuwa na habari za uhakika kwamba kocha amechukuliwa na timu ya Uarabuni. Amezipata kwenye ukurasa wenye wafuasi wengi, na kwake wafuasi wengi ni sawa na kiapo cha mahakamani.

Nilikuwa nashona sare za shule. Nikasema bila kuinua kichwa, "Jamani, yule mtu alikuwa anakonda. Mwezi uliopita nilimpunguza kiuno. Na wiki iliyopita nikampunguza tena."

Ilikuwa kweli kabisa. Mtunza vifaa wa timu, mzee mmoja mkazi wa Buguruni, alikuwa na kawaida ya kununua uzi na zipu mtaani kwetu, na mara mbili aliniletea suruali za kocha. Mara ya kwanza nilipunguza kidole kimoja kila upande. Mara ya pili viwili.

Wote watatu waligeuka. Mzee wa bandarini alisimama, akakishika kile kiti chake, akakisogeza karibu na cherehani yangu. "Kaa hapa, mwanangu," alisema. "Hicho kigoda kitakuumiza mgongo." Miaka sita mgongo wangu ulikuwa haujamshughulisha.

Nikakaa.

"Aliyezileta alisemaje?" mwenye duka aliuliza.

Mtunza vifaa alikuwa amesema hivi: "Fanya haraka, dada, anazitaka Ijumaa." Hayo tu. Hilo ndilo jibu nililokuwa nalo, na nililiona jinsi lilivyo dogo. Watu watatu walikuwa wananitazama mdomoni. Ningesema hilo tu, kiti kingerudi kwa mwenyewe na mimi ningerudi kwenye sare.

"Alisema kocha amechoshwa na watu wa ndani," nikasema.

Sijui maneno hayo yalitoka wapi. Najua yalivyonipa raha. Mwenye duka alipiga kofi mezani taratibu, mzee alifumba macho kama mtu aliyeonja kitu alichokisubiri, na muuza makava tayari alikuwa na simu mdomoni akirekodi ujumbe wa sauti kwa ajili ya grupu la tawi letu la klabu.

Ilipofika adhuhuri mteja mmoja, mama aliyeleta gauni la kuwekwa zipu, alinisimulia habari yangu mwenyewe. Sasa kocha alikuwa amelia. Kesho yake asubuhi mchambuzi wa redioni, mwenye sauti nzito ya kutangazia vita, alisema "chanzo kilicho karibu sana na kocha" kimethibitisha kuwepo kwa hujuma ya watu wa ndani. Nilikuwa nawatilia watoto chai nyumbani. Nikasimama na birika mkononi, nikaona fahari. Chanzo nilikuwa mimi. Karibu sana na kocha nilikuwa kweli, tena kiunoni.

Siku mbili nilikuwa mtu mkubwa. Watu walitoka mpaka Mchikichini, wanakouza mitumba, kuja kunisalimia na kuuliza hili na lile. Nilijibu kwa kunyamaza kidogo kwanza, kama nilivyoona wachambuzi wanavyofanya. Sikuongeza uongo mwingine. Nilijihesabia hilo kuwa ni uadilifu.

Ijumaa wakaanza kuuliza jambo ambalo mtu mwenye akili angelifikiria toka Jumanne: hao watu wa ndani ni akina nani?

"Tutumie akili," alisema mzee. "Nguo za kocha alikuwa anazishika nani?"

"Mtunza vifaa," alijibu muuza makava.

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Na kocha akakonda."

Niliinua kichwa. "Mzee, zile suruali nilizipunguza mimi," nikasema. "Kwa mkasi, hapahapa, nyinyi mpo."

"Ulipunguza baadaye. Swali ni kwamba kabla ya kuja kwako zilipita wapi."

Hadi jioni grupu la tawi lilikuwa limeshajua zilipita wapi. Zilipita kwa mganga, na watani zetu ndio waliomtuma mtunza vifaa. Kulikuwa na mtu aliyemfahamu mtu aliyeona mfuko. Jumamosi asubuhi muuza makava alitusomea taarifa nyingine ya klabu, fupi kuliko ile ya kwanza: mtunza vifaa amesimamishwa kupisha uchunguzi.

Hapo nikasimamisha cherehani, nikawaambia ukweli. Niliwaambia mtunza vifaa hakusema lolote kuhusu watu wa ndani, nilitunga mimi, na nimekosa.

Hakuna aliyekasirika, na hilo ndilo lililoniogopesha. Mwenye duka alinitazama kwa huruma.

"Dada fundi, umepigiwa simu?"

"Na nani?"

"Ndiyo nakuuliza."

"Sijapigiwa simu na mtu. Nilisema uongo."

"Wamemfikia," mzee alimwambia muuza makava kwa sauti ya chini, kana kwamba sipo. Kisha akanigeukia. "Mwanangu, sisi hatukulaumu. Una watoto. Wewe shona tu."

Nilipodanganya waliniamini papo hapo, bila hata swali la pili. Niliposema kweli, nikaambiwa nina watoto.

Jumapili nilikwenda Buguruni. Nyumba nilielekezwa na mafundi magari, ambao wote walimjua na wote walikuwa na maoni. Nilimkuta uani kwenye kibao, anashona kiatu cha mpira kilichoachia soli.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Alinyanyua macho, akanitambua, akarudi kwenye kiatu. "Kuna suruali imebaki?"

"Hapana. Nimekuja kukuambia jambo."

Nikamwambia lote, hata lile la kiti. Mkewe alikuwa anachambua mchele mlangoni, na mikono yake ikasimama. Mzee alivuta uzi, akafunga fundo, akaukata kwa meno.

"Kwa hiyo ni wewe," alisema.

"Ni mimi."

"Nilidhani ni yule wa jikoni kambini. Nimemnunia tangu juzi."

Mkewe alinyanyuka na ungo wake, akaingia ndani bila kunitazama. Nilimuomba mzee msamaha. Hakusema amenisamehe wala hajanisamehe. Nikamuuliza kama anajua kwa nini kocha aliondoka.

"Sikumuuliza," alisema. "Jumatatu aliniita nimsaidie kufunga mabegi. Akauliza kama zile fulana nilizofua zimekauka. Nikamwambia mbili bado. Akasema nizichukue mimi. Akanishika mkono, basi."

"Na kukonda?"

"Alikuwa hali chakula. Anakaa na sahani, anaigeuzageuza, anaangalia simu. Jioni anazunguka uwanja peke yake. Niliwaambia viongozi huyu mtu ana upweke. Wakaniambia nimpelekee uji."

"Ukampelekea?"

"Nilimpelekea. Aliunywa, kwa adabu."

Nilifikiria mahodari wetu wa kibarazani na kontena lao. Mtu alikuwa anazunguka uwanja peke yake kila jioni, na sisi mashabiki wake tuliimba jina lake kila mechi, na hakuna aliyejua kwamba hali.

"Utasimama tawini," mzee alisema hatimaye. "Mbele ya wote. Uyaseme haya uliyoniambia, usipunguze."

Mkutano wa tawi ulikuwa Jumatano. Nilisimama, nikasema yote. Mwenyekiti wa tawi alinisikiliza mpaka mwisho, akashukuru kwa mchango wangu mzuri, akasema umepokelewa, kisha akaomba tuingie kwenye ajenda ya basi la kwenda mikoani. Mtu mmoja nyuma aliuliza kama ninao ushahidi kwamba nilidanganya. Nilimjibu kwamba sina. Alionekana kuridhika.

Mzee wa Buguruni alirudishwa kazini wiki tatu baadaye, na ningependa kusema ni kwa sababu ya ujasiri wangu. Alirudishwa kwa sababu timu ilisafiri kucheza ugenini na sanduku la viatu likabaki Dar. Aliyeshika nafasi yake alidhani limepakiwa na mwenzake, na mwenzake hakuwepo. Vijana wetu walicheza kwa viatu vya kuazima, vingine vikubwa, na wakafungwa mbili. Kesho yake viongozi waligundua kwamba uchunguzi umekamilika. Hakuna aliyemwomba radhi. Alipigiwa simu akaulizwa funguo za stoo ziko wapi, akasema anakuja nazo.

Tulipata kocha mpya, mwenye tumbo la kutosha. Pale kibarazani walimpa mwezi mmoja wa heshima, kisha wakaendelea na kazi yao. Siku hizi wananiuliza mawazo yangu kila baada ya mechi, na mimi husema sijui. Mzee wa bandarini hulichukulia jibu hilo kuwa na maana nzito sana. Kuna siku nililirudia mara tatu, wakabishana mpaka adhana ya alasiri nilikuwa nimemaanisha nini.

Mtunza vifaa hakuniletea tena nguo. Huwa namwona akipita upande wa pili wa barabara na mfuko wake, akielekea kwa fundi mwingine karibu na soko, ambaye mapindo yake yanaachia baada ya kufuliwa mara mbili. Namwamkia. Ananiitikia vizuri, bila kusimama.

Halafu mwezi uliopita mkewe alikuja. Nilimjua mara tu aliposimama mbele ya cherehani, nikanyanyuka. Alinunua kitenge ndani, akanikabidhi, akasimama wima nikimpima, macho yake yakiwa juu ya kichwa changu.

"Unataka mshono gani, mama?"

"Wa kawaida. Mikono mirefu." Alisubiri nimalize kuandika vipimo. "Una mkono mzuri. Mume wangu mwenyewe ndiye aliyesema."

"Ahsante. Niandike jina gani kwenye mzigo?"

"Usiandike jina," alisema. "Na wakikuuliza hapo ni nguo ya nani, sitaki kusikia redioni."

Nilimshonea vizuri kuliko nilivyowahi kumshonea mtu, nikapiga pindo kwa mkono. Alhamisi alikuja kuichukua, akaigeuza ndani nje, akakagua mshono mmoja mmoja palepale mbele za watu, akaikunja, akaondoka.