Ukanda Uliohamia Juu

Wifi yangu Faustina anachapa bila kutazama vidole. Alijifunzia taipureta akiwa msichana, Iringa mjini, kwa sista mmoja aliyekuwa akifunika mikono ya wanafunzi kwa kitambaa ili wasichungulie herufi. Naamini kitambaa kile ndicho kilichomwokoa. Yeye anasema ni Mungu, na mimi sibishani na mtu aliyefundishwa na masista.

Tuna steshenari hapa Nyololo, kando ya barabara kuu. Faustina ni dada wa mume wangu, Peter. Mimi ni Eveline, mwenye mdomo. Yeye anachapa, mimi natoa kopi na kugombana na wateja. Barua za maombi ya kazi, mihtasari ya vikao, kadi za michango ya harusi, zote hupita mikononi mwake. Lakini kazi iliyomjengea jina ni wasifu wa marehemu. Mtu akifariki kuanzia hapa mpaka Igowole, kabla mwili haujatoka mochwari, ndugu mmoja anaingia dukani na karatasi ya daftari: alizaliwa lini, alibatizwa wapi, ameacha nani. Faustina anauliza maswali mawili matatu kwa sauti ya chini, kisha maisha ya mtu yanakaa sawa kwenye ukurasa mmoja. Nimewahi kusoma wasifu wa mlevi mmoja aliouchapa yeye, nikajuta kwamba nilikuwa nikimfukuza dukani.

Mwaka jana mwezi wa sita, katika baridi yetu ile ya ukungu, aliamka asubuhi akasema chini hakuna kitu. Nikadhani bado anaota. Tukampeleka hospitali, wakamulika macho yake, wakatuambia mshipa wa fahamu ulikosa damu usiku ule. Nusu ya juu ya kuona imebaki, nusu ya chini imekwenda na hairudi. Akitazama mbele anakuona uso. Kuanzia shingoni kwenda chini ni weupe mtupu.

"Wifi, leo umeingia bila miguu," aliniambia siku aliporudi kazini.

"Na wewe umerudi bila adabu," nikamjibu, nikageukia mashine ya kopi ili asinione ninavyolia.

Yeye hakulia. Alikaa mlangoni na kikombe cha chai akitazama barabara, akanisimulia malori ya kwenda Tunduma yanavyopita bila matairi, taratibu, yakielea juu ya maziwa. Watoto wa shule walikuwa sweta za kijani zinazopita zenyewe. Ukungu wa Mufindi ulipofunga kabisa alisema hajui upi ni wa Mungu na upi ni wa macho yake, na aliyasema hayo kwa utulivu ulionitia hasira. Mimi ningekuwa nimevunja vyombo.

Kuchapa hakukumshinda, maana vidole vyake havijawahi kuhitaji macho, na karatasi za wateja nilimsomea mimi. Kilichomshinda ni ule ukanda wa chini kwenye kioo cha kompyuta, unaoonyesha kazi zote ulizofungua. Wenye Kiswahili chao wanauita upau wa kazi. Ukiwa na nyaraka mbili, huo ndio unaokuambia upo kwenye ipi. Kwake ulikuwa umezama. Ili auone ilibidi ainamishe macho mpaka ukingoni kabisa, na akifanya hivyo anapoteza ukurasa. Akawa anakisia. Hakuniambia kwamba anakisia.

Alhamisi moja tukapata misiba miwili. Mzee Tadeo wa hapa kijijini, na bibi mmoja wa Igowole. Faustina akafungua nyaraka mbili, akawa anahama kutoka huu kwenda ule, na mahali fulani katikati ya kuhama, jina la mtoto wa bibi, aitwaye Abrahamu, likachapwa kwenye wasifu wa Mzee Tadeo.

Sasa huku kwetu wasifu ukisomwa, watu huhesabu. Wanaweza kuwa wanalia, lakini wanahesabu. Saulo, mzee wa kanisa, alisimama kaburini akasoma: "Marehemu ameacha mjane na watoto saba." Kisha akataja majina, na yakawa manane.  Na kila mtu alikuwa anajua Mzee Tadeo alipokuwa kijana alikaa Chunya miaka minne akichimba dhahabu. Nikaona shingo zinageuka. Nikasikia nyuma yangu mwanamke ananong'ona, "Si mnaona? Wa Chunya huyo." Na mjane, Yudith, tunayemwita Mama Crispin, alikuwa amesimama na udongo mkononi, hajui autupe au aushike.

Jioni watu wa Igowole walileta habari kwamba kwao kuna mtoto amekosekana, jambo likaeleweka. Mimi nikazunguka nyumba kwa nyumba nikisema ni kompyuta, imechanganya yenyewe. Nilisema hivyo kwa Mama Crispin pia, machoni pake, bila aibu. Alinisikiliza akaitikia kwa kichwa tu.

Kesho yake Faustina akanikabidhi ufunguo wa droo. "Nitafuga kuku," akasema. "Kuku hana wasifu."

Nilimtukana kidogo, nikambembeleza sana, wapi. Akakaa nyumbani wiki tatu. Peter akaniambia dada yake anakaa uani vidole vikigonga kwenye paja, anaandika barua ambazo hazina karatasi. Hapo nikaona kwamba tusipopata njia, tutampoteza mtu huyu huku akiwa mzima.

Aliyeleta njia ni Adrian, fundi wetu wa kompyuta kutoka Mafinga, aliyekuja kutengeneza printa. Nilipomsimulia, akauliza, "Kwa nini msiupandishe huo ukanda juu?"

"Haupandi. Nimeshaushika nikauvuta kama mkia wa mbuzi."

"Kweli, mama. Zamani ulikuwa unaupeleka popote. Kwenye mfumo huu wakaugandisha chini. Lakini sasa hivi wanaubuni upya. Kuna toleo la majaribio, halijatoka rasmi, linaruhusu kuuweka juu au pembeni. Ila ni majaribio kweli, linaweza kuzima katikati ya kazi."

"Majaribio yafanyiwe wenzetu huko!" nikasema. Usiku sikulala. Asubuhi nikampigia simu nikamwambia alete majaribio yake, lakini ayaweke kwenye laptopu ya zamani ya Peter, siyo kwenye mashine ya duka.

Kulipakua kulichukua siku nzima, na vifurushi vyetu vyote. Faustina alikubali kuja kwa sababu nilimdanganya kwamba nina homa. Akaketi. Adrian akafungua mipangilio ya ule ukanda, akachagua neno la juu. Chini pakawa patupu. Tukangoja. Kisha ukatokea juu, upana mzima wa kioo, na kila kazi iliyofunguliwa ina jina lake pembeni mwa alama, kwa herufi nilizoweza kusoma nikiwa nimesimama mlangoni.

 Faustina akanyoosha mkono akaugusa kwa kidole, kuanzia mwanzo mpaka kwenye saa, kwa namna anavyogusa nguo mpya sokoni kabla hajauliza bei. Akafungua waraka, akafungua wa pili, wa tatu, wa nne, akawa anasoma kichwa cha kila mmoja kwa sauti, hana haraka, anahama, anarudi. Bonyeza hapa, orodha inashuka chini badala ya kupanda. Hilo lilimchekesha sana. "Zamani ilikuwa inanikimbia, sasa inanifuata," akasema. Jua lilikuwa limepata upenyo, mvuke unapanda kutoka kwenye mabati ya duka la jirani, na yeye anahama kutoka waraka kwenda waraka bila kuandika hata neno, akitabasamu. Wateja wawili walikuja wakaondoka. Sikuwaita. Nilikuwa na furaha ambayo sikutaka kuigawa na mtu.

Siku ya nne toleo likajisasisha lenyewe, na ukanda ukarudi chini. Niliingia nikamkuta ameweka mikono mapajani. Nikachukua simu nimpe Adrian maneno ya kumtosha. "Acha," Faustina akasema. Akaitafuta ile mipangilio mwenyewe, kwa subira, akipotea na kurudi, mpaka akaupandisha tena. Halafu akafungua kile kisanduku wanachokupa uwaandikie watengenezaji kama kuna kasoro, akawaandikia hivi: *Salamu nyingi. Sisi huku Nyololo ni wazima, hofu ni kwenu mlio mbali. Ukanda mmeutengeneza vizuri. Ila tafadhali ukishapanda, uacheni huko juu, kuna watu chini hatuoni. Wasalimieni wote hapo kazini.*

"Nani atasoma Kiswahili huko?" nikamuuliza.

"Asiposoma, nimeshamsalimia," akasema, akatuma.

Akarudi kazini, lakini nusu. Barua alichapa. Mihtasari alichapa. Wasifu hakuugusa. Ndugu wa marehemu akiingia na karatasi ya daftari, Faustina anatoka nje kutazama malori, na mimi nawaelekeza Mafinga. Ikapita miezi miwili hivyo. Nilishamwambia ukanda uko juu, majina yanaonekana, basi anaogopa nini? Akanijibu kwamba ukanda haumwogopeshi. Anaogopa ule mkono wenye udongo.

Asubuhi moja yenye ukungu mlango ukasukumwa, akaingia Mama Crispin.

"Kamwene," akasalimia.

Tukaitikia. Faustina alishaanza kuinuka atoke nje, lakini duka letu ni dogo na mama yule alikuwa amesimama njiani.

"Nimeleta wasifu wa kuchapa," akasema.

"Pole, mama. Nani tena?" nikauliza.

"Mimi." Akatoa karatasi mbili kwenye mkoba. "Nimeuandika mwenyewe nikiwa na akili zangu. Sitaki nikishakufa watu wabishane kuhusu maisha yangu. Tarehe ya mwisho muiache wazi."

Nikanyoosha mkono haraka. "Lete, mama, nitautuma Mafinga, kuna..."

"Sikuja Mafinga. Nataka achape Faustina."

Faustina akasimama pale, uso umemwiva. Nikajua kitakachofuata, nikamkonyeza anyamaze, lakini mkonyezo wangu sijui kama ulifika.

"Mama," akasema, "ile siku haikuwa kompyuta. Wifi alinificha. Ni mimi. Mimi chini sioni, mama. Nilikuwa nakisia. Nimekuaibisha mbele ya kaburi la mume wako na sijaja hata kukuomba radhi."

Nilitamani sakafu inimeze, maana uongo ulikuwa wangu.

Mama Crispin hakunitazama hata kidogo. "Najua, mwanangu. Kanisani nakaa nyuma yako. Naona unavyotafuta ngazi kwa mguu." Akaziweka karatasi zake mezani, mbele ya Faustina. "Siku ile nilikasirika. Nililala na hasira mwezi mzima. Halafu nikakaa kuandika huu wa kwangu, nikasikia kwamba kila sentensi naisema kwa sauti yako. Wewe ndiye umewaandika watu wetu wote. Sasa mimi niandikwe na nani?"

Faustina akaketi. Akafungua waraka mpya, akaupa jina, akainua macho kwenye ukanda akalisoma jina lile kwa sauti mpaka mwisho. Kisha akabaki ameshika meza, maana karatasi zilikuwa zimelala pale mbele yake, upande wa chini, ambako kwake hakuna kitu. Nikasogea nimsomee.

Mama Crispin akaniwahi. Akaziokota karatasi zake, akasimama pembeni ya kompyuta, akaziinua kwa mikono miwili mpaka usawa wa paji la uso wa Faustina.

"Hapo unaona?"

"Naona, mama."

"Basi andika," akasema, na akasimama vile vile, mikono juu, mpaka Faustina alipochapa jina la mtoto wa saba.