Mikate ya Mwezi wa Mfungo

Zahara alipoachishwa kazi Jinja hakugombana na mtu. Kwa miaka mingi alikuwa amechambua takwimu za ofisi ya usafirishaji kwa programu moja ya kubofya: unachagua hapa, unabofya pale, jedwali linatoka. Kisha matangazo ya kazi yakabadilika. Kila mahali walitaka mtu wa sayansi ya data, anayeweza kuandika mwenyewe amri za lugha ya kompyuta iitwayo Python. Akajifunza nyumbani Mpumudde, papo hapo Jinja, kwenye meza ya kukatia nguo ya mumewe, Asuman, ambaye ni fundi cherehani. Kompyuta ilipomkatalia kwa sababu ya koma moja tu, Asuman alimwambia, "Fumua, ushone tena."

Hatimaye akapata kazi ya majaribio Mbale, katika kiwanda cha mikate. Alitakiwa kuunda mfumo wa kukadiria mikate ya kila siku. Mwenye kiwanda, Bwana Wanyera, alimweleza wazi: makadirio yakishika mpaka Idi, ataajiriwa na kuhamisha familia. Yasiposhika, waagane kwa amani. Zahara akapanga chumba, Asuman akabaki Jinja na rundo la kanzu za wateja. Tangu waoane hawakuwahi kuishi miji miwili. Jioni walifuturu pamoja kwa simu, kila mmoja na uji wake.

Siku za kwanza za mfungo, mikate iliisha kabla ya magharibi. Wenye maduka ya karibu na msikiti walipiga simu mpaka Bwana Wanyera akazima yake.

"Dada," alisema mlangoni, mikono imejaa unga, "kompyuta yako ina ugomvi gani na Waislamu?"

Zahara alikagua mstari baada ya mstari. Amri zote zilikuwa sawa. Wakati wa kufuturu akamsimulia mumewe.

"Mwaka jana watu walianza kununua sana lini?" Asuman akauliza.

"Mwanzoni mwa Machi. Mwaka juzi, katikati ya Machi."

"Na sasa tuko mwezi gani?"

"Febru..."

Asuman alicheka mpaka uji ukampalia. "Mtaalamu wangu! Unafunga tangu utotoni, na kompyuta yako hujaiambia kwamba mfungo unahama?"

Zahara akajifunika uso kwa mtandio, ingawa alikuwa peke yake. Kwao hakuna aliyewahi kufundishwa jambo hilo. Ulilijua kama unavyojua jina lako. Ndiyo maana hakuliandika.

Angeweza kurekebisha kimyakimya. Asubuhi alisimama nje ya ofisi kwa muda, kisha akabisha hodi.

"Kosa ni langu, Bwana Wanyera. Mfungo huja mapema zaidi kila mwaka. Nilisahau kuuweka kwenye mfumo."

"Ulisahau? Na wewe ndiye unayefunga hapa?"

"Ndiyo, mimi."

Bwana Wanyera alimtazama, midomo ikimcheza. "Haya. Rekebisha, tuone."

Kuanzia hapo mikate ikatosha. Wiki ya mwisho akamwita tena.

"Nataka kuagiza unga wa keki. Idi ni lini?"

"Ijumaa au Jumamosi."

"Na kompyuta inasemaje?"

"Inasema Ijumaa au Jumamosi." Sauti ya Zahara ilikuwa ndogo. "Mpaka mwezi uonekane. Nimeandaa makadirio ya siku zote mbili. Ukitangazwa, nitakupigia."

Bwana Wanyera alisoma karatasi zote mbili taratibu.

"Mtu anayeniambia pale asipojua," alisema, "huyo naweza kufanya naye kazi. Lete watu wako."

Zahara alipompigia mumewe, cherehani ilikuwa inanguruma.

"Tafuta gari la mizigo," akamwambia.

Cherehani ikanyamaza.

"Baada ya Idi," Asuman alisema. "Kanzu za watu kwanza." Kisha akauliza kwa upole, "Hicho chumba chako, kitanda chetu kitaingia?"

Zahara aliinuka, simu sikioni, akaanza kuupima ukuta kwa shubiri.

"Pima vizuri," Asuman akasema. "Nangoja."