Mabibo Niliyoyashusha Ruvuma

Najua mkimaliza kusoma mtasema huyu bwege, na mimi sibishi.

Kwetu Newala mwanaume ukioa unahamia ukweni, unalima shamba la mama mkwe. Mahindi yakiingia ghalani, umeoa. Yasipoingia, wewe ulikuwa mgeni tu.

Shamba la mama mkwe wangu liko bondeni, ukingoni mwa Ruvuma. Mto ukipungua, udongo unabaki na unyevu, tunapanda wakati huku juu watu wanakula vumbi. Msitu unatupa mianzi, mto unatupa kambale. Tembo nao wana njia yao palepale ya kushuka kunywa. Kwa hiyo mahindi yakikomaa lazima mtu akae dunguni alinde. Safari hii nikawekwa mimi.

Dungu lina upweke jamani! Nikawaza, huko juu mabibo yanaoza chini ya mikorosho. Nikajaza viroba, nikavishusha kwa baiskeli, nikakamua, nikaacha ndoo ziive. Uraka wangu, mbali na ukweni ambako pombe haivuki mlango.

Sasa bondeni kule hakuna mkorosho hata mmoja, maana tembo ananusa bibo kuliko mlevi. Hata watoto wanajua. Mimi nikajiona mjanja.

Alfajiri wakaja, kundi zima na watoto wao. Wakamaliza ndoo, wakatafuna makapi, wakahamia kwenye mahindi. Napiga debe, natukana kwa Kimakonde, hakuna aliyegeuka.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, akafika, akaokota ndoo iliyopondwa, akainusa.

"Shemeji, ulikuwa unalinda au unaalika?"

Nikainama nikajifanya naokota magunzi.

Bwana wanyamapori akaja na pikipiki, akapiga picha nyayo, akasema poleni, akaondoka. Tembo wana wa kuwasemea. Mahindi hayana.

Sasa mama mkwe anashinda msituni anachimba ming'oko, mizizi ya porini, ndiyo chakula chetu. Magoti yake mabovu, anachimba amekaa chini. Nikamfuata kulekule, nikasimama mbali kama adabu inavyotaka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba."

"Mama, mwakani nitalima mara mbili ya hapa."

Akaendelea kufukua, hakuniangalia.

"Lima, baba. Ila ukalime kwa mama yako."