Kaburi la Mbwa wa Mbelgiji

Juu ya kijiji chetu cha Ngungu kuna ferme ya zamani ya Mbelgiji mmoja, shamba la ng'ombe lenye nyumba ya mawe ambayo bomba lake la moshi sasa ni makao ya ndege. Siku hizi watu wa Goma huja Jumapili kuipiga picha, na viatu vyao visivyojua matope yetu. Anayewatembeza ni Déo, mwongo mwenye sauti nzuri. Huwaonyesha kitanda cha Mbelgiji, bafu la Mbelgiji, hata matusi ya Mbelgiji, ambayo huyatamka kwa Kifaransa safi.

Nyuma ya nyumba, katikati ya shamba la maharage la Claudette, kuna kaburi la baba yake, mzee Callixte, aliyekuwa akikamua ng'ombe wa ferme. Huku kwetu karatasi za ardhi huliwa na panya, lakini kaburi haliliwi. Ulipomzika mtu wako, hapo ni pako. Basi Déo, kwa uroho wa kuchekesha, akaanza kuwaambia wageni kwamba hapo amelala mbwa wa Mbelgiji. Wageni wakampenda sana huyo mbwa. Mmoja alimletea maua.

Patron mpya, mwenye ferme sasa, bwana Jean-Claude, alipoisikia hadithi hiyo aliishika kwa mikono miwili. Akatuma neno: maharage yang'olewe, pawe bustani ya wageni, maana hakuna mtu aliyezikwa pale. Mimi jirani yake nilimshauri Claudette ampige Déo kwa mwiko.

"Mwiko iko ya bugali, dada," alinijibu. "Miye nitalia."

Jumapili, wageni walipofika pamoja na patron, Claudette alitandika mkeka kaburini, akaangua kilio hadi ng'ombe wakaacha kula. Majirani tulikimbilia pale, na chifu wa kijiji pia. Kwetu hakuna anayepita kilio bila kukaa, hata kama tumbo linamwendesha. Wageni wakakaa kwenye majani na suruali zao nyeupe. Jean-Claude, mwana wa milima hii hata akipanda gari kubwa, alivua kofia na kumshika Claudette mkono.

"Pole sana, mama. Nani amekufa?"

"Papa yangu, Callixte. Njo yeye iko hapa chini."

Chifu alikohoa. "Patron, ni imbwa njo unapatiaka pole mbele ya watu?"

Jean-Claude alivaa kofia, akaivua tena. Déo alikuwa ameshapotea migombani.

"Shamba ibakie kwa mama," patron akasema.

Nilitaka kucheka kwa furaha. Nikamgusa Claudette begani: "Inatosha, dada, tumeshinda."

Hakunyamaza. Kilio kilikuwa kimebadilika, hakina madoido tena. Ndipo nikakumbuka kwamba Callixte alizikwa wakati wa vita, mbio mbio, risasi zikisikika ng'ambo ya mto, na waliomzika walikatazana hata kukohoa. Claudette hakuwahi kumlilia baba yake. Nikakaa naye mkekani, nikamshika, nikamwacha alie.