Gunzi la Ngwali lilivyomrudisha Bi Mwanawema jukwaani

Alasiri imeshaswaliwa Tibirinzi, Chake Chake, na uwanja wa harusi umejaa wanawake hadi kwenye ngazi za nyumba ya jirani. Kwenye zulia la wapigaji, Ngwali Kificho anapangusa mdomo kwa leso, anapangusa kinanda chake cha mdomo, kisha anapangusa mdomo tena.

Anayeimba leo ni Bi Mwanawema Mbarouk, na hajaimba mbele ya watu tangu alipopasuliwa rovu shingoni, mwaka wa pili sasa.

"Leo akikwama hasimami tena," ananong'ona Ngwali. "Namjua mie. Atarudi kwake, atafunga mlango, na mambo ya kuimba yatakuwa yameisha."

Ngwali, mwenye umri wa miaka 46, ni fundi simu. Ana meza yake karibu na soko la Chake Chake, ambayo siku nzuri humwachia kama shilingi 15,000. Siku za harusi hupiga na kikundi cha taarabu cha Waridi, na mgao wa huko mara nyingi huishia kwenye nauli na chai. Mwenyewe hasemi kwamba anapiga muziki. Husema anaitikia.

"Mwimbaji ndiye mwenye nyumba," anaeleza. "Mie nnapita pale anapovuta pumzi tu. Akianza tena, nshatoka."

Kinanda cha mdomo si chombo cha taarabu, na Ngwali hajidanganyi. Alikikuta sokoni Wete akiwa kijana, kwenye rundo la vitu vya kuchezea vya mtumba, akajifundisha mwenyewe. Siku ya kwanza alipokaa nacho baina ya fidla na dumbaki, wanawake walivunjika mbavu kwa kicheko, kwani walimwona kama mtu anayeguguna muhindi wa kuchoma. Tangu hapo anaitwa Gunzi, na hata wanawe wameshalizoea jina hilo.

Bi Mwanawema peke yake hakucheka. Alisikiliza wimbo mmoja, akauliza yule kijana ni mtoto wa nani, na tokea siku ile hakukubali kuimba bila yeye.

Kisha likaja rovu. Upasuaji ulikwenda salama, lakini daktari alikuwa ameshamtahadharisha kwamba huenda sauti isirudi ilivyokuwa. Ilirudi imeshuka, na pumzi fupi juu yake. Kinanda cha Ngwali nacho kikabaki juu vilevile kilivyotoka kiwandani. Kila walipojaribu wimbo ukumbini kwa mwimbaji, mmoja alikuwa juu na mwingine chini, na Bi Mwanawema aliishia kulia.

Kiongozi wa kikundi, Hafidh Muntasir, alikuwa na jibu jepesi: kinanda cha umeme, ambacho mtu hubonyeza kitufe sauti ikashuka. Wakakijaribu. Sauti zilipatana, ila mwimbaji akawa anaachwa nyuma kila mstari.

"Kile hakipumui," anasema Bi Mwanawema. "Chenda tu. Hichi cha Ngwali chavuta na kutoa kama mie, basi nikikisikia nnajua wapi na mie nipumue."

Hapo fundi simu akapata wazimu wake. Ndani ya kinanda cha mdomo mna vipande vyembamba vya shaba viitwavyo ndimi, na kila ulimi una sauti yake. Ngwali akajiambia kwamba ulimi ukiongezwa uzito, sauti itashuka. Akachukua pasi anayochomelea simu, akatia tone la lehemu kwenye ncha ya ulimi wa kwanza. Alisahau kuubandua kwanza kwenye plastiki yake. Kinanda kikayeyuka, nyumba ikanuka, na mkewe, Zulekha, akamhamishia uani yeye na pasi yake.

Cha pili kilitoa sauti ya mbuzi. Cha tatu alinunuliwa na huyohuyo Zulekha, ili mradi nyumba ipumzike, na hicho kikakubali. Kilishuka ulimi baada ya ulimi mpaka kikamfikia Bi Mwanawema pale alipo. Hakuna mwimbaji mwingine kikundini kinayemfaa.

Sasa uwanjani, ubeti wa kwanza unapita. Mistari ni mifupi kuliko zamani, lakini Ngwali, aliyekaa nyuma ya mwimbaji, hayabandui macho mabegani mwake. Mabega yakipanda anaingia, yakishuka anatoka, na asiyejua atadhani wimbo ulitungwa hivyo. Vigelegele vinaanza.

Na hatari inaingia kwa mlango wa furaha hiyohiyo. Wanawake wanainuka kumtunza mwimbaji wao aliyerudi. Wanakuja wakicheza, noti juu, wanamzunguka, na Ngwali hamwoni tena. Haoni mabega, anaona migongo na mitandio tu.

Anaacha kupiga. Sauti ya Bi Mwanawema inayumba katikati ya mstari, inakatika. Fidla inaendelea peke yake, na Hafidh ameshageuka kumtazama mpigaji wa kinanda cha umeme, aliyewekwa pembeni kwa tahadhari.

Mara kundi linafunguka. Bi Mwanawema anawasogeza watunzaji kwa mkono, taratibu. Noti zinaanguka wala hazitazami. Anarudi nyuma mpaka kwenye zulia la wapigaji, mahali ambapo mwimbaji haendi, anaweka kiganja mgongoni mwa Ngwali. Ngwali anaanza tena. Kwa kiganja kile Bi Mwanawema anajua anapovuta na anapotoa, na anavuta naye. Anaurudia mstari uleule uliomkatikia. Safari hii anaumaliza.

Uwanja unalipuka. Bibi harusi mwenyewe, aliyetakiwa akae ameinamisha macho, anapiga kigelegele. Mwandishi wa makala haya alijikuta amesimama juu ya kiti, na kalamu yake hajaiona hadi leo.

"Miaka yote yeye ndiye alokuwa akinifuata," alisema Bi Mwanawema baadaye, akifuta jasho na kucheka. "Leo nimemfuata mie, na wala sikuona haya."

Mwezi ujao Waridi watapanda meli bandari ya Mkoani kwenda kuimba Unguja, na Hafidh anasema jina la Bi Mwanawema ndilo alilolitaja kwanza kwenye orodha ya waimbaji.

Ngwali yeye tayari yuko kwenye kazi nyingine. Mezani kwake, kati ya simu zilizovunjika vioo, mna kinanda kipya kilichofunguliwa, na hiki anakishusha chini zaidi ya kile cha harusini. Bi Mwanawema ana miaka 61, anasema, na sauti ya mtu mzima haitulii mahali pamoja. Tumaini la Ngwali ni kwamba aimbe mpaka siku atakayochoka mwenyewe. Hajamwambia habari za kinanda hiki, asije akadhani anaombewa mabaya, na ameomba jambo hilo lisiandikwe.

Alipokumbushwa kwamba Bi Mwanawema husomewa gazeti kila wiki na wajukuu zake, alipuliza vumbi kwenye ndimi za shaba.

"Basi andika," alisema. "Ajue tu kwamba sauti ikishuka tena, atanikuta nipo chini namngoja."