Anayeshika Kamba

Jelle alikuwa mpiga mbizi katika nchi isiyo na mto wala ziwa. Watu wa mbali wakiambiwa hivyo hucheka, na wacheke tu. Hawavijui visima vya upande wa Tarbaj. Ukiteremka ngazi zilizochongwa kwenye jiwe la chokaa mpaka majini, utakuta jiwe limetoboka ubavuni na maji yameingia pangoni, gizani, hakuna ajuaye yanakoishia. Mbuzi akitumbukia, mzoga wake huingia humo ukaoza, na kisima kizima kikawa sumu. Hapo ndipo Jelle alipoitwa.

Alikuwa na mapango aliyoyapenda. Moja lilikuwa na dari laini na maji baridi, akasema angekuwa samaki angehamia humo na watoto wake. Jingine lilikuwa pana, na jua la adhuhuri lilifika ndani akaona mpaka kucha zake. Lakini pango la kisima cha Nunow, lenye mdomo mwembamba wa kukwaruza kifua, hakulipenda hata kidogo. Likitajwa tu, alisogea pembeni, wala hakuficha woga wake. Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake.

Wapiga mbizi wa huko walikuwa na sharti lao: kamba hushikwa na shemeji, ndugu wa mke. Ndugu wa tumbo moja haishiki. Sababu haikuwa siri. Mume akifa, ndugu yake ndiye anayemrithi mjane. Shemeji yeye hapati kitu ila dada anayelia na wapwa wa kulisha. Sasa nani atavuta kwa moyo zaidi? Wazee walilisema wakicheka, ila hakuna aliyelivunja.

Mwaka wa tisini na sita mvua ziligoma. Wafugaji na ngamia wao walifika kisima cha Nunow hoi kwa kiu, wakakikuta kinanuka. Alio, shemeji yake Jelle, alikuwa amempeleka mgonjwa Wajir mjini. Aliyebaki wa kushika kamba ni Abdijabar, kaka yake Jelle, mtu wa maneno machache, asiyejua kuogelea. Huyo ndiye aliyemtaka Khadijo, mke wa Jelle, kwanza, kabla wazee hawajamwoza Jelle.

"Walaal, ndugu yangu, lete kamba nishike," Abdijabar alisema.

"Tumsubiri Alio."

"Na hawa ngamia, nao watamsubiri?"

Jelle aliwatazama ngamia. Alijifunga kamba kiunoni, akasema Bismillahi, akazama.

Alijipenyeza mdomoni mwa pango, moyo ukimdunda hadi masikioni. Ndani kulikuwa giza totoro. Akapapasa, akagusa manyoya yenye utelezi, lakini mzoga ulikuwa umekwama na mkono haukutosha kuushika. Akaitikisa kamba. Kwa Alio, hiyo ilikuwa na maana ya kulegeza. Katika woga wake alisahau kwamba Abdijabar hajawahi kufundishwa. Kamba ikakazwa. Ikamburuta kinyumenyume, bega likakwama jiweni, na kila alipojinasua ilizidi kumbana.

Ananiua, Jelle aliwaza. Ndugu yangu ananiua, na watu wamesimama juu wanatazama. Kikulacho ki nguoni mwako! Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maji yoyote. Vidole vyake vikatafuta fundo, vikalifungua, na kamba ikateleza ikaenda zake.

Akajisukuma mbele, akaung'oa mzoga kwa pembe, akageuka akifuata ukuta kwa kiganja, kifua kikimwaka moto. Alipotokeza mdomoni mwa pango, kitu kikampiga usoni. Kikampiga tena. Alidhani ni jini, akataka kupiga yowe, akameza maji. Kisha akashika kifundo cha mguu wa mtu. Abdijabar alikuwa majini anatapatapa, anazama.

Jelle aliuachia mzoga, akamkumbatia kwapani, akamsukuma hadi kwenye jiwe.

Abdijabar alitapika maji, akatetemeka. "Kamba ilirudi tupu," alisema alipoweza kusema. "Nikajua imekatika. Nikaingia."

"Lakini hujui kuogelea!"

"Sikukumbuka."

Akaiokota ncha ya kamba aone ilipokatikia. Akaigeuza huku na huku. Ilikuwa nzima, haina hata uzi uliochomoka. Jelle alimwona akiiangalia.

"Haikukatika," Abdijabar alisema polepole. "Imefunguliwa."

Jelle angeweza kudanganya kwamba fundo lilikuwa bovu, lakini ulimi ulikataa. "Niliifungua mimi, walaal."

Abdijabar hakuuliza kwa nini. Mtu wa visima haulizi hilo; sharti la shemeji analijua. Maji yakimchuruzika ndevuni, aliikunja kamba taratibu na kuiweka miguuni pa mdogo wake.

"Mama asilisikie hili," alisema, akaanza kupanda ngazi.